Mjadala: Je, msafiri wa pikipiki avuke mpaka wenye mgogoro, na akivuka apitie upande wa nani?

Hoja ya mleta mada

Swali ninaloliweka mbele yenu ni hili: mtu anayesafiri kwa pikipiki nchi baada ya nchi, akifika mahali ambapo pande mbili zinadai ardhi moja, je, apite kwa yeyote anayemwinulia kizuizi, au ana wajibu wa kuuliza kwanza ni nani aliyenyang'anywa ardhi hiyo? Wasafiri wengi husema kwamba wao si wanasiasa na kwamba mhuri ni wino tu. Sikubaliani nao, na vilevile sikubaliani na wanaotaka maeneo hayo yasusiwe kabisa. Msimamo wangu ni kwamba kuvuka si kosa, lakini njia ya kuingilia ina uzito wake: pale ambapo sheria ya upande ulionyang'anywa imeacha njia wazi, msafiri aifuate njia hiyo, hata ikimlazimu kuiacha pikipiki nyuma.

Nazungumzia pikipiki kwa sababu maalumu. Anayevuka kwa miguu hukutana na ofisa uhamiaji, na mara nyingi katika maeneo kama haya hupewa karatasi ya pembeni ambayo huiacha akishatoka. Mwenye pikipiki hana wepesi huo. Chombo chake kina kadi ya usajili, kina namba ya fremu na ya injini, na kila forodha hukihesabu kuwa mali iliyoingizwa kwa muda bila kulipiwa ushuru. Ataandikiwa kibali cha muda, au itagongwa mhuri karneti yake, yaani hati ya dhamana inayotolewa na chama cha wenye magari, ambayo isipogongwa mhuri wa kutoka dhamana iliyowekwa inaweza kudaiwa. Kisha atauziwa bima ya mtu wa tatu, kwa kuwa ile ya alikotoka haimfuati. Kusimamia ushuru, kuandikisha vyombo na kulazimisha bima ni kazi za dola, kwa hiyo mwendesha pikipiki, apende asipende, huacha nyaraka nyingi zaidi mikononi mwa mamlaka inayobishaniwa kuliko anayepita na begi mgongoni.

Kuacha nyaraka hizo hakumaanishi kwamba ameitambua mamlaka hiyo, maana kutambua ni tendo la dola wala si la mtu binafsi. Mwaka 1971 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni ya ushauri kuhusu Afrika Kusini kuendelea kuikalia Namibia. Ilizitaka nchi zijiepushe na kila tendo la kuuhalalisha utawala huo, lakini ikasema pia kwamba kutotambuliwa huko kusiwanyime wananchi wa Namibia manufaa ya ushirikiano wa kimataifa, na ikatoa mfano wa usajili wa vizazi, vifo na ndoa. Nakishika kipimo hicho kwa sababu kinatenganisha utawala na watu wanaoishi chini yake, na mimi naona msafiri naye anaweza kuutenganisha vivyo hivyo: asiupe utawala kile unachokitamani, na asiwanyime watu kile wanachokistahili.

Tuchukue Abkhazia, eneo lililojitenga na Georgia kwa kuungwa mkono na Urusi. Sheria ya Georgia ya mwaka 2008 kuhusu maeneo yanayokaliwa inamtaka mgeni aingie Abkhazia kutokea Zugdidi, kupitia daraja la mto Enguri. Anayeingia kutoka Urusi kupitia Psou, karibu na Sochi, anahesabiwa kuwa amevunja sheria ya Georgia na anaweza kutozwa faini au kufungwa siku atakapofika Georgia. Kwa mwendesha pikipiki kishawishi kiko Psou, kwa sababu huko barabara ni ya lami na magari hupita, ilhali daraja la Enguri huvukwa hasa kwa miguu. Nasema aiache pikipiki Zugdidi avuke kwa miguu. Ataiona Sukhumi ileile, mji mkuu wa Abkhazia, na hatakuwa amewaambia waliofukuzwa katika vita vya 1992 na 1993 kwamba mlango wao hauhesabiki.

Kuhusu Cyprus, kisiwa ambacho kaskazini yake inashikiliwa na utawala unaoungwa mkono na Uturuki, sina haja ya maneno mengi, kwani tangu mwaka 2003 vivuko vya mstari wa kusitisha mapigano vimefunguliwa na anayetokea kusini huvuka kwenda kaskazini na kurudi bila kuvunja sheria ya Jamhuri ya Cyprus. Anayeingia kwa meli kutoka Uturuki kupitia bandari za kaskazini, Jamhuri inamhesabu kuwa ameingia isivyo halali. Njia halali ipo, tena rahisi, na sioni udhuru wa kuikwepa.

Mtihani wenyewe uko Sahara Magharibi, eneo ambalo sehemu yake kubwa inashikiliwa na Moroko huku wenyeji wake, Wasahrawi, wakidai kujiamulia. Anayetoka Ulaya kwenda Afrika Magharibi kwa nchi kavu hushuka Moroko, na kwa kuwa mpaka wa Moroko na Algeria umefungwa tangu mwaka 1994, hana pa kupenyea mashariki. Barabara ya pwani inamchukua kupita Tarfaya hadi Laâyoune, na kati ya miji hiyo miwili anauvuka mpaka wa Sahara Magharibi bila kuonyeshwa kituo cha forodha wala bango la kumkaribisha nchi nyingine. Anachokutana nacho ni vizuizi vya polisi wanaoomba karatasi yenye jina lake, namba ya pasipoti na ya chombo, na wasafiri wazoefu huzichapa nyingi kabla ya safari ili wasichelewe. Mpaka wenyewe anauona kusini kabisa, Guerguerat, ambako kati ya kituo cha Moroko na cha Mauritania kulikuwa na kilomita chache za mchanga na mawe, mabaki ya magari pande zote na mabomu yaliyotegwa ardhini kwa yeyote atakayeacha nyayo za waliotangulia. Mwezi Novemba 2020 jeshi la Moroko liliingia kuwaondoa Wasahrawi waliokuwa wameziba barabara hiyo, Polisario, harakati ya Wasahrawi inayopigania uhuru, ikatangaza kwamba usitishaji vita wa mwaka 1991 umekwisha, na Moroko ikakitia lami kipande kilichokuwa kimebaki.

Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikwisha kusema mwaka 1975 kwamba haikuona uhusiano wa mamlaka ya kidola kati ya Moroko na eneo hilo ambao ungeizuia haki ya wenyeji ya kujiamulia. Kura ya maoni iliyokuwa sababu ya Umoja wa Mataifa kupeleka ujumbe wake wa MINURSO mwaka 1991 haijapigwa. Hapa basi upande ulionyang'anywa haujamwachia msafiri njia yoyote ya kupita na pikipiki, wala hawezi kuzunguka. Mimi nasema apite, lakini asiandike katika simulizi zake kwamba alikuwa "kusini mwa Moroko". Aseme alipokuwa. Mambo mengi ya safari hii hayamo mikononi mwetu, bali maneno tunayoyatumia kuyaeleza yamo.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nakuheshimu kwa kuliweka jambo hili wazi, lakini kipimo chako hakitumiki kwa usawa, na hilo linanisumbua kuliko yote. Barabara ya Karakoram hupita Gilgit-Baltistan kaskazini mwa Pakistan kabla ya kufika kwenye njia ya mlimani ya Khunjerab, mpakani na China, yenye kimo cha mita 4,693 juu ya usawa wa bahari, na ni ndoto ya karibu kila mwendesha pikipiki wa masafa. India inalidai eneo hilo lote kama sehemu ya Kashmir. Makubaliano ya mpaka ya mwaka 1963 kati ya Pakistan na China yenyewe yanasema kwamba mgogoro wa Kashmir ukishatatuliwa mazungumzo yatafunguliwa upya, maana yake hata waliotia saini walijua kwamba neno la mwisho halijasemwa. Sijawahi kusikia msafiri akiulizwa kama amepata ridhaa ya New Delhi kabla ya kupanda Khunjerab, wala akilaumiwa kwa kuandika kwamba yuko Pakistan. Kwa nini anayepita Psou ahukumiwe, na anayepita Hunza, bonde lililoko Gilgit-Baltistan, apigiwe makofi?

Tena hukumu zetu hufuata ramani zilizochapwa katika nchi tunazotoka. Raia wa nchi inayoitambua Kosovo, ambayo Serbia inaihesabu bado kuwa sehemu yake, huingia kutokea Albania bila wasiwasi na kushangaa anapokataliwa kuingia Serbia, kwa kuwa Serbia haihesabu kwamba aliwahi kuvuka mpaka wake ipasavyo. Anakasirika, lakini hajiulizi kwamba amefanya tendo lilelile alilolilaani kwa mwingine. Mimi nasema mtu apite panapopitika, alipe anachotozwa na awaheshimu watu anaowakuta. Kumtwisha mwendesha pikipiki kesi ambayo Baraza la Usalama limeshindwa kuimaliza ni kumwonea.

Mchangiaji wa pili

Mimi napingana nanyi wote wawili. Mnazungumza kana kwamba jambo zito ni kuidhinishwa kwa msafiri, nami nataka tuwaangalie wasiosafiri. Zaidi ya watu 200,000 wa asili ya Georgia walilazimika kukimbia Abkhazia, na wengi wao hawawezi kurudi hata kuyaona makaburi ya wazazi wao. Wakimbizi wa Kisahrawi wako kwenye makambi ya Tindouf, nchini Algeria, tangu miaka ya 1970, na ukuta wa mchanga wa takriban kilomita 2,700, unaolindwa na askari na mabomu, unawatenga na pwani yao. Sisi tunapita upande wa pili wa ukuta huo tukisimulia uzuri wa machweo. Mtu anayekwenda kufurahia mahali ambapo mwenye nyumba amezuiwa kukanyaga anashiriki katika kumzuia, ameingilia mlango wa mbele au wa uani. Sheria ya Georgia imeruhusu Enguri kwa sababu zake za kidola. Ruhusa hiyo si ridhaa ya aliyepoteza nyumba. Asiyekuwa na safari ya lazima asiende.

Mchangiaji wa tatu

Naongeza jambo la utendaji ambalo naona limepitwa haraka. Bima iliyonunuliwa kwenye kizuizi cha mamlaka isiyotambuliwa inaweza kukosa thamani yoyote mahakamani kwingine, na ubalozi wako unaweza kukujibu kwamba hauna mtu wa kukusaidia upande huo. Ukimgonga mtoto wa mtu huko, anayebaki bila fidia ni yeye. Kabla ya kubishana kuhusu ramani, msafiri ajue kama anaweza kuwalipa watu atakaowaumiza.

Mleta mada anajibu

Nianze na la bima, kwa kuwa ni la haki na linaunga mkono hoja yangu: pikipiki si mguu, na ndiyo maana nilisema wakati mwingine iachwe nyuma. Asiyeweza kumlipa atakayemjeruhi hana haki ya kuendesha hapo, hata kama kizuizi kimeinuliwa.

Kwa mchangiaji wa kwanza, kipimo changu hakiulizi nani ana ramani nzuri zaidi. Kinauliza kama upande unaopinga umemwachia msafiri njia. Georgia imeacha. Jamhuri ya Cyprus imeacha. India haikuacha, kwa sababu Mstari wa Udhibiti, unaotenganisha upande wa India na wa Pakistan huko Kashmir, hauvukwi na msafiri wa pikipiki kwa namna yoyote, kwa hiyo anayepanda Khunjerab yuko katika hali ya yule wa Guerguerat: apite, na aseme kweli kwamba eneo hilo lina mgogoro. Kosovo nayo ina jibu, kwani anayetaka kwenda Serbia baadaye anaweza kuanzia Serbia, akaingia Kosovo na kurudi Serbia kwa njia hiyohiyo. Ni mzunguko, lakini msafiri wa pikipiki ambaye amezunguka nusu ya dunia kwa hiari hawezi kulalamika juu ya mzunguko wa siku moja.

Kwa mchangiaji wa pili nina heshima zaidi na ugumu zaidi. Ni kweli kwamba ruhusa ya dola si ridhaa ya aliyefukuzwa. Lakini wilaya ya Gali, ndani ya Abkhazia, bado inakaliwa na watu wa asili ya Georgia ambao huvuka Enguri kufuata pensheni na matibabu Zugdidi. Machi 2017 mamlaka ya Abkhazia ilifunga vivuko vingine viwili vya eneo hilo, na watu wakalazimika kuzunguka hadi kwenye daraja. Anayeshauri kila mgeni abaki nyumbani anaafikiana, bila kukusudia, na wale wanaotaka daraja hilo lisiwe na mtu. Mgeni anayesimama kwenye foleni ya Enguri anaona ni nani anayesimamishwa, kwa muda gani na kwa maneno gani, na anaweza kuyasimulia huko atokako. Aliyepitia Psou hamwoni hata mmoja wao.

Hata hivyo sijaridhika kwamba nimemjibu kikamilifu kuhusu Tindouf, maana huko hakuna foleni ya kusimama pamoja na mtu. Wapo wanaosema kwamba msafiri aliyepita pwani ya Sahara Magharibi anapaswa kuyatembelea makambi pia, kutokea Algeria, ili asiwe amesikia upande mmoja. Nalikubali kwa wanaoweza, japokuwa ni safari nyingine kabisa, yenye viza yake na vibali vyake. Ningependa kusikia kutoka kwa waliopita Guerguerat baada ya Novemba 2020: mliandika nini kuhusu kilomita zile, na je, kuna Msahrawi aliyewaeleza kama angependa mpite au msipite?