Wakuu, rivolva imekuwa laini lakini risasi zinagoma, nifanyeje?

Mgeni_Ohio (mleta mada)
Habari za humu wakuu. Nipo Marekani, najifunza mwenyewe kulainisha rivolva za zamani, hobi tu. Ninayo Smith & Wesson Model 36 ya .38 Special, mtumba. Ukivuta triga bila kukoki, mizani ilikuwa inasoma ratili 12 na nusu. Sasa ni 8, tamu kweli. Shida ni moja: kila nikijaza sita, mbili zinagoma. Nyundo inapiga, tak, kimya. Ninunue risasi za aina gani?

Kisiki
Tafuta za Federal, fataki zake (kile kikopo cha kitakoni kinacholipuka kikigongwa) ni laini. CCI ni ngumu, zinataka nyundo yenye nguvu. Kazi kwisha.

FundiTupa
Kazi haijaisha. Mkuu, risasi ikigoma, mtutu ubaki kwenye shabaha sekunde 30 kabla hujafungua silinda, maana fataki inaweza kuchelewa. Kisha itoe uitazame kitako. Kikopo kikiwa kimebonyea kidogo tu, nyundo imekosa nguvu, usisingizie risasi. Ratili nne na nusu haziondoki kwa msasa. Umegusa nini humo ndani?

Mama_Wawili
Huku kwetu Tanzania fundi wa silaha lazima awe na leseni, tena sheria ya 2015 haina utani. Ninyi mnafungulia sebuleni watoto wakipita.

Kisiki
Ningekuwa wewe ningetafuta Colt Python ya zamani. Springi kuu yake, ile inayosukuma nyundo, ina umbo la V, ndiyo maana mvuto wake...

FundiTupa
Kisiki, Python haihusiki hapa. Mleta mada, nimeuliza swali.

Mgeni_Ohio
Nimesafisha, nimetia mafuta, nimepitisha jiwe la kunolea kwenye kile kitelezi kinachorudisha triga. Basi.

FundiTupa
Na springi?

Mgeni_Ohio
Springi kuu sijaikata. Nimepunguza tu ile skrubu inayoikandamiza, upande wa mbele wa mpini. Tupa kidogo, labda milimita moja. Lakini watu wengi wanafanya hivyo, na ukiilegeza tu inajifungua yenyewe ukipiga, kwa hiyo kuipunguza ni salama zaidi. Sitaki kurudi ratili 12.

BintiKarakana
Jamani, hii chai. Model 36 inabeba risasi tano, huyu anajaza sita. Model 36 springi yake kuu ni ya koili, haina skrubu ya kukandamiza. Tunapigwa.

Mzuka
😂😂 Sukari iko wapi? Naweka kambi hapa.

Mgeni_Ohio
Dada, sina sababu ya kudanganya. Aliyeniuzia ndiye alisema 36.

BintiKarakana
Basi rahisi. Toa risasi, fungua silinda, soma namba kwenye fremu pale mkono wa silinda unapolala ukifungwa.

Mgeni_Ohio
MOD. 10-5.

BintiKarakana
Haya, nimefuta kauli. Hiyo ina springi kuu bapa, na skrubu unayoisema ipo.

FundiTupa
Sasa tuendelee. Agiza skrubu mpya, ni bei ndogo. Ukitaka kuthibitisha kwanza, chukua ganda lililokwisha kupigwa, toa fataki yake, ondoa kichuma cha ndani, kile kikofia kivike kwenye ncha ya skrubu yako na ukaze mpaka mwisho. Zikilipuka zote, ugonjwa umeujua. Ni kipimo, si tiba.

Ulaini utafute pengine. Ile springi ya ndani ya kitelezi, ya kiwandani ni kama ratili 18. Weka ya 15. Ukishuka sana triga inachelewa kurudi, kidole kinaisubiri. Kitelezi chenyewe gusa chini na ubavuni tu, jiwe laini lenye mafuta, unaondoa vipele, huondoi chuma. Ukiona nyuso zinang'aa kama kioo umezidisha. Kisha piga 50 za aina utakayotumia, zote kwa mvuto mrefu, yaani bila kukoki. Hata moja ikigoma, hujamaliza.

BintiKarakana
Na bati la ubavuni, lile linalofunika mitambo ya ndani, usilichokonoe kwa bisibisi. Toa skrubu, gonga fremu ya mpini kwa mpini wa mbao, litanyanyuka lenyewe. Skrubu ya mbele ndiyo inayoshika mkono wa silinda, isichanganyike na nyingine. Jino la kukoki, linaloshika nyundo ikikokiwa, hukuligusa?

Mgeni_Ohio
Hapana, nilisoma kwamba ugumu wa chuma uko juu juu tu, ukipita hapo limekwisha. Nimeikoki tupu, nimesukuma nyundo kwa gumba, haikudondoka.

FundiTupa
Vizuri. Ulipofunga ulikirudisha kile kipande chembamba kirefu, kinachokaa kwenye mfereji wa bati na kushikwa na pini ya kitelezi?

Mgeni_Ohio
Kile kama kijiti bapa? Triga ilikuwa laini zaidi bila hicho, nikadhani ni cha ziada. Kiko kwenye kopo la skrubu.

FundiTupa
Hicho ndicho kinachozuia nyundo isifikie risasi ukiidondosha. Iko na risasi sasa hivi?

Mgeni_Ohio
Iko kwenye droo. Ndiyo.

Mama_Wawili
Mimi nilisema nini?

FundiTupa
Nenda kaitoe risasi, kisha uje na hilo kopo.