Meza ya mpishi melini na watu msiojuana, au mkahawa wa steki mkiwa wawili?

Baharia_wa_Buruburu

Wadau, habari za jioni. Kuna safari ya meli ya kitalii, usiku 7 kutoka Barcelona, watu wawili wanaotoka hapa Nairobi. Kabla ya kulipia chochote nataka tulinganishe jioni moja maalumu:

1. Meza ya mpishi. Watu 14 wasiojuana, sahani 5, kila sahani na mvinyo wake, na mnatembezwa jikoni. Dola 120 kwa mtu.
2. Mkahawa wa steki, meza ya wawili. Dola 65 kwa mtu.
3. Ukumbi mkuu, meza ya kuchangia ya watu 8. Imo ndani ya nauli.

Mmoja hanywi pombe na hali nyama isiyo halali. Mwingine ana aleji ya kamba. Ipi ina maana?

Hesabu_Kwanza

Anza na bei kamili, achana na ya tangazo. Kampuni nyingi huongeza ada ya huduma ya asilimia 18 au 20 kwenye mikahawa ya kulipia. Tuchukue 18. Meza ya mpishi: 240 na 43.20, jumla dola 283.20. Kwa kiwango cha shilingi 129 ni kama 36,500. Steki: 130 na 23.40, dola 153.40, kama 19,800. Tofauti ni shilingi 16,700 hivi kwa jioni moja. Soma maandishi madogo chini ya bei, maana meli nyingine huwa zimeshaitia ada humo ndani.

Halafu kadi. Ukisajili kadi ya debiti mapokezi, meli hufunga kiasi fulani cha pesa zako kila siku, na benki inaweza kuchukua siku kadhaa baada ya safari kuzifungua. Kadi ya mkopo ni afadhali, au weka taslimu mapokezi siku ya kwanza. Ile kadi ya M-Pesa GlobalPay inafaa kulipia meza mtandaoni kabla hamjaondoka, lakini haina plastiki ya kumpa karani melini.

JikoLaChuma

Sahani utakazopewa kwenye namba 1 ni nzuri, ila kinachopandisha bei ni jiko na saa tatu za mpishi mkuu. Kama jiko halikuvutii, pesa imepotea kabla hujaketi.

Mtakachokiona: mnakutana saa kumi na mbili na nusu au saa moja jioni, mnajaza fomu ya kuuliza kama yeyote amehara au kutapika siku za karibuni, mnanawa mikono kwa sabuni, na meli nyingine huwavisha makoti meupe. Sabuni si mapambo. Kirusi cha noro, kile kinachoangusha abiria wengi kwa wakati mmoja, hakitishwi sana na dawa ya mikono yenye spiriti. Kinaondoka kwa maji na kusugua. Kisha mnapewa vitafunio mkiwa wima kando ya majiko huku jikoni kukiwa na kazi ya usiku.

Msitegemee miali ya moto. Meli kubwa za abiria hupika kwa umeme kwa sababu moto baharini hauna pa kukimbilia. Kinachofaa kutazamwa ni upangaji wa sahani. Sahani 14 zinawekwa safu kwenye meza ya chuma, huyu anaweka samaki, wa pili anachora sosi kwa chupa ya kukamua, wa tatu anapangusa ukingo kwa kitambaa chenye unyevu. Sosi ya siagi ikikaa dakika mbili tatu inaota utando juu na mafuta yanaanza kujitenga. Ndiyo sababu meza nzima huhudumiwa kwa mpigo mmoja. Ukiinuka kwenda msalani sahani ya tatu ikikaribia kutoka, unawachelewesha watu 13 usiowajua, na hawatakusahau hadi mwisho wa safari.

Kuhusu nyama: kwenye meza ya mpishi sarara hupikwa ikiwa kipande kizima, katikati nyuzi 54 hadi 56, halafu inakatwa vipande 14. Inakuja ya waridi. Anayependa nyama iliyoiva kabisa, kama inavyotoka kwenye makaa pale Kenyatta Market, hana la kufanya. Mkahawa wa steki unachoma kila kipande kivyake, kwa hiyo kwa nyama yenyewe namba 2 inashinda bila ubishi.

Kiti_cha_Kati

Naongeza upande wa watu, maana ndio swali lenyewe.

Kwenye meza ndefu ya watu 14 huongei na watu 13. Unaongea na watano: wawili wa ubavuni na watatu wa mbele yako. Wa mwisho wa meza ana watatu tu, na mmoja wao akiwa mkimya jioni imekufa. Kwa hiyo fikeni dakika kumi mapema, mkae katikati, na mkae mkitazamana badala ya bega kwa bega. Mkitazamana kila mmoja anapata majirani wake, na bado mnaonana usoni kama kuna jambo la kuokoana. Kama meza ni ya duara ya watu 8 hadi 10, hesabu hii haina kazi.

Mvinyo: kwa kawaida humiminwa kidogo kidogo. Tuseme mililita 75 kwa kila sahani, mara 5 ni 375, nusu chupa kamili. Kwa mnywaji hiyo ni jioni tamu. Kwa asiyekunywa ina maana mbili: amelipia nusu chupa asiyoigusa, na kufikia sahani ya nne sauti za meza zimepanda huku yeye akiwa palepale alipoanza. Wengi humletea juisi au mvinyo usio na kileo akiomba mapema, lakini bei mara nyingi haishuki. Uliza tu, kuuliza si ujinga.

Na msidharau namba 3. Ni jaribio la bure. Ombeni meza ya kuchangia usiku wa kwanza au wa pili. Kama watu wanane wa nchi tano wanawachosha ndani ya saa moja na nusu, saa tatu za watu 14 zitakuwa kifungo.

MamaRukia_SouthC

Ndugu Baharia, suala la halali ndilo linaloamua hapa, na naona limepitwa haraka.

Watu husema "nitakula samaki tu". Samaki wa mapishi ya Kifaransa mara nyingi huja na sosi ya siagi nyeupe, na sosi hiyo huanza kwa mvinyo mweupe na siki vikichemshwa na vitunguu hadi vikauke karibu vyote. Ile sosi nyeusi ya nyama nayo hupatikana kwa kukwangua chini ya kikaango kwa mvinyo mwekundu. Barafu tamu ya kusafisha kinywa kati ya sahani mara nyingi ina shampeni au vodka. Kitindamlo laini kinachotikisika huenda kimegandishwa kwa jelatini ya nguruwe.

Na ile hoja ya "pombe inaisha ikichemka" si kweli. Takwimu za Wizara ya Kilimo ya Marekani zinaonyesha kwamba mchanganyiko uliotokota dakika 15 hubaki na karibu asilimia 40 ya kileo chake, saa moja asilimia 25, na saa mbili na nusu bado asilimia 5. Kile cha kuwashwa moto mbele ya wageni hubaki na asilimia 75 hivi.

Mnaweza kuhudumiwa, ila si kwa kumnong'oneza mhudumu mkishaketi. Mlo wa meza ya mpishi ni mmoja kwa wote. Supu na sosi zimeanza kutengenezwa asubuhi, nyingine jana yake. Ukisema saa moja jioni, atakachoweza mpishi ni kukuondolea sosi, na utabaki na samaki mkavu huku jirani yako analamba kijiko.

Baharia_wa_Buruburu

Dada Rukia, hapo umenifungua macho. Na aleji ya kamba?

MamaRukia_SouthC

Hiyo ni hatari zaidi kwa sababu kamba hujificha. Maganda yake hupikwa kuwa supu ya msingi, na supu hiyo inaweza kuingia kwenye sosi ya samaki wa kawaida. Mafuta ya kukaangia kamba ndiyo yaleyale ya viazi kama hawajatenga. Taja kila kimoja kwa jina: kamba, kambakoche, kaa. Halafu sema kama kome na chaza wanaliwa au hapana, maana ni kundi jingine na wapishi huuliza.

Kama daktari ameshaandika sindano ya adrenalini, ikae mfukoni mezani. Chumba kinaweza kuwa sitaha nane juu, na lifti za saa mbili usiku zinajaa kuliko matatu za saa kumi na moja.

Sufuria_ya_Ngara

Mimi nauliza, kwa nini msiifanye meza hiyohiyo Nairobi? Elfu 36 inalisha watu 10, na watu wa kuchangia hawakosekani. Kwa mlo wa sahani 5 punguzeni vipimo, hapa ndipo wengi hukosea: samaki gramu 60 hadi 70 kwa mtu, sarara gramu 100. Kilo moja ya sarara inatosha watu 10. Samaki mfuateni City Market asubuhi, mboga Marikiti. Vyombo kodini, maana sahani 5 kwa watu 10 ni sahani 50 na hakuna nyumba yenye hizo.

Jihadharini na mapishi yaliyoandikwa usawa wa bahari. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Viazi na maharagwe vitataka muda zaidi, na unga wa mkate unaumuka upesi, kwa hiyo hamira ipunguzwe.

Hesabu_Kwanza

Sufuria, hesabu yako nimeipenda, lakini mtu ameuliza habari za Barcelona.

Sufuria_ya_Ngara

Tiketi ya ndege hujaiweka kwenye hesabu, mzee.

JikoLaChuma

Turudi melini. Baada ya maelezo ya dada Rukia nabadilisha kidogo: kwa hawa wawili hasa, namba 2. Menyu ya steki inachaguliwa sahani moja moja, mtu anaagiza samaki wa kuchomwa bila sosi, viazi vya kuoka na saladi, na hakuna anayesubiriwa. Ila waulize kama samaki anachomwa kwenye wavu uleule wa nyama. Kama ni huohuo, kikaango safi. Kambakoche nao hukaa kwenye wavu huo, kwa hiyo swali hilo linawahusu wote wawili.

Kiti_cha_Kati

Sikubali haraka hivyo. Steki kwa asiyekula nyama isiyo halali ni kwenda posta kununua mkate. Kama jiko linawavutia, namba 1 bado ipo, mradi wapate jibu la maandishi kabla ya kulipa. Wasipojibiwa, hapo sawa, basi.

Baharia_wa_Buruburu

Tukitaka kujaribu namba 1, tunaandika nini na kwa nani?

MamaRukia_SouthC

Kila kampuni ina dawati la mahitaji maalumu. Waandikieni mwezi mmoja kabla au zaidi, mkitaja namba ya safari na chumba. Mambo manne yatosha: hakuna pombe hata ndani ya sosi, barafu wala kitindamlo, hakuna nyama wala jelatini isiyo halali, hakuna kamba, kaa wala supu ya maganda yao, na mnaomba menyu ya jioni hiyo mapema. Msiandike "mboga tu" kwa kurahisisha, kwa sababu hata risoto ya mboga, ule wali wa Kiitaliano, huanza na mvinyo mweupe. Siku ya kupanda meli mtafuteni msimamizi wa ukumbi, mumwonyeshe jibu lile. Mkumbusheni tena saa 24 kabla ya mlo. Mara tatu si usumbufu, ujumbe wa ofisini huwa haufiki jikoni.

Ulizeni pia masharti ya kuvunja. Meli nyingi hukata pesa yote mkijitoa ndani ya saa 24 au 48. Watu wasipotimia, wao huahirisha na kuwarudishia.

Kiti_cha_Kati

Usiku gani? Epukeni wa kwanza, mna uchovu wa ndege na mizigo haijafika chumbani. Epukeni wa mwisho, masanduku yanatakiwa nje mlangoni jioni hiyo na jikoni wanawaza bandari ya kesho. Chukueni usiku ambao kesho yake ni siku ya baharini, msiwe na matembezi ya saa moja asubuhi. Na angalieni onyesho la ukumbini, mlo huu unameza la mapema na mara nyingine hata la usiku.

Hesabu_Kwanza

Na viza. Meli ikipita nje ya Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, katikati ya safari kisha irudi Barcelona, ya kuingia mara moja haitoshi. Ombeni ya kuingia mara nyingi.

Baharia_wa_Buruburu

Sawa. Namba 3 usiku wa pili, barua nawaandikia wiki hii, na wasipojibu tunaenda namba 2. Swali la mwisho: kule jikoni mavazi ni gani?

JikoLaChuma

Viatu vya kufunika vidole, soli ya mpira, visigino virefu viacheni chumbani. Sakafu ya jiko la meli huoshwa mchana kutwa na ina vizingiti vya chuma milangoni. Anayetumia kiti cha magurudumu aulize mapema, kwenye meli nyingine hapiti. Picha za wapishi ombeni kwanza, na mkono usikaribie ile taa ya kupashia sahani.