Kikundi cha Majirani, Kimara: Habari za Wese

JUMANNE

Mama Zai: Jamani za jioni. Hii sauti inayozunguka ni ya kweli? Mtu anasema meli hazipiti, mafuta yanakwisha dunia nzima, kila mtu ajaze anachoweza usiku huu.

Jose: Ina mishale miwili hiyo mama. Imezungushwa mpaka imechoka.

Baba Neema: Ya kweli, ya uongo, mimi nimeshajaza. Gari full, na madumu kadhaa yapo stoo nyuma ya jiko. Anayecheka acheke.

Mjumbe: Baba Neema, umesema stoo nyuma ya jiko?

Baba Neema: Yamefungwa vizuri mjumbe.

Mjumbe: Yamefungwa na nini? Kifuniko cha dumu la mafuta ya kula? Mvuke wa petroli mzito, unatambaa chini kwa chini mpaka unapokuta moto. Msamvu pale Morogoro mmesahau? Agosti 2019, lori la mafuta limepinduka, watu wamekwenda na ndoo na madumu kama hayo, waliokufa wakapita mia.

Mama Zai: MUNGU WANGU. Ukuta wa stoo yake si ndio ukuta wa jiko langu!!! Mimi nakaanga samaki pale tangu alfajiri

Baba Neema: Basi yaishe. Kesho nayamimina kwenye gari.

Mjumbe: Leo.

Baba Neema: Tangi limejaa mjumbe, nimeshasema.

Jose: 😂😂😂

Mjumbe: Yatoke nje sasa hivi, mbali na jiko na mbali na watoto. Shabani utayachukua?

Shabani Bajaji: Nachukua mjumbe. Ila kwa bei ya sheli, si bei ya kulangua.

Baba Neema: Nani amesema kulangua?

Shabani Bajaji: Hakuna aliyesema kaka. Nimetangulia tu.

Mwalimu Tesha: Naomba niseme kidogo. Kesho ni Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, wale wadhibiti wa nishati, wanatoa bei kikomo mpya. Ikinukia tu kwamba bei inapanda, jioni ya Jumanne kuna sheli zitakwambia pampu mbovu. Asubuhi pampu imepona. Nusu ya foleni mnazoziona leo zimetokana na hilo na madumu ya watu kama jirani yetu, wala si kwa sababu meli zimekosekana.

Mama Zai: Kwa hiyo mafuta hayaishi?

Mwalimu Tesha: Hayaishi kwa siku moja kama mtungi. Marekani kuna mtaalamu, Hubbert, alisema mwaka 1956 kwamba uzalishaji wao utafika kileleni karibu 1970 kisha ushuke. Ukashuka kweli. Baadaye wakajua kupasua miamba, na 2018 wakaipita ile rekodi ya zamani. Kwa hiyo anayekwambia kesho yanakwisha, muulize kesho ya mwaka gani. Lakini mafuta rahisi, ya kuchimba karibu na kuuza kwa bei poa, hayo ndiyo yanayopungua. Na karibu sehemu moja kati ya tano ya mafuta ya dunia inapita mlango mmoja mwembamba wa bahari kule Uarabuni, Hormuz. Pakitokea ugomvi pale, sisi huku Kimara tunalipa bila hata kujua waliogombana.

Jose: Ila mwalimu si tuna bomba la Tanga? Mafuta ya Uganda yanakuja tu

Mwalimu Tesha: Bomba la Hoima hadi Chongoleani, kilomita 1,443, ni la mafuta ghafi. Ni la kupeleka mafuta melini yauzwe nje. Mtambo wa kuyasafisha hatuna.

Mzee Kondo: Tulikuwa nao. TIPER pale Kigamboni ilikuwa inasafisha. Siku hizi ni matangi ya kuhifadhia tu.

Shabani Bajaji: Shikamoo mzee. Kumbe upo hewani

Mzee Kondo: Marahaba. Nawasoma tu. Nyinyi mnaogopa foleni. Sisi enzi za Mwalimu Nyerere ilifika mahali Jumapili ikigonga saa nane mchana, gari binafsi marufuku barabarani mpaka kesho yake. Trafiki wamesimama. Nilikuwa utingo wa lori, mambo hayo nayajua. Harusi ya Jumapili ilikuwa inakimbizwa, sheikh au padri anatazama saa. Mkichelewa, bwana harusi analala ukweni na wageni wake wote.

Jose: 🤣🤣 gari zima

Mzee Kondo: Usicheke, ndivyo ilivyokuwa. Na mabasi ya UDA yalikuwa hayatoshi, mengine yamekaa hayana vipuri. Tukapanda chai maharage, pikapu ina mabenchi mawili mnatazamana, magoti yanagongana. Serikali iliyafukuza weee, mwisho mwaka 1983 ikakubali watu binafsi wabebe abiria. Daladala zimetokea humo. Hakuna aliyekaa mezani akapanga.

Dada Rehema: Shikamoo mzee. Mimi naangalia upande wangu wa zahanati. Mwaka 2022 petroli ilipopita 3,000, serikali ikaweka ruzuku ya bilioni 100 kwa mwezi, lakini bado nauli zilipanda. Kitu cha kwanza mama mjamzito anachoruka ni kliniki. Haruki soko. Atasema nitakwenda mwezi ujao, halafu anakuja na uchungu na presha juu. Mkipanga mambo yenu ya mafuta mkumbuke hilo.

Mama Zai: Na mimi nitasema la samaki. Watu wananiuliza, Mama Zai bahari haitumii petroli mbona samaki changu amepanda. Mashua inatumia injini! Barafu inatoka kiwandani kwa gari! Mimi natoka Feri na ndoo kwa gari! Na nyanya za kachumbari zinatoka Ilula kwa Fuso. Kwenye sahani moja mafuta yamo mara nne kabla sijamimina ya kukaangia

Mama Zai: Afadhali gesi yangu ya kupikia ni ya Mtwara, haina habari na Waarabu

Mwalimu Tesha: Pole Mama Zai. Ya mtungi siyo ya Mtwara. Ya mtungi inakuja kwa meli kutoka nje, ukoo mmoja na petroli. Ya Mtwara na Songo Songo inapita kwenye bomba, inazalisha umeme na kuingia viwandani, na ndiyo hiyo wanayojaza kwenye magari.

Mama Zai: Miaka yote hii???

Shabani Bajaji: Hiyo ya magari ndiyo naitamani. Kilo ilikuwa 1,550 nilipouliza, na jamaa yangu wa bajaji ya gesi anasema anabaki na kitu mfukoni. Tatizo vituo vichache. Anaweza kukaa foleni saa nzima na zaidi, na muda huo ni abiria wanapotea. Analala pale kabisa ili ajaze usiku. Na kubadilisha mfumo ni hela, haiwezekani kwa mtu anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni. Tajiri hataki, yeye mafuta hanunui

Jose: Si ununue ya umeme. Bwawa la Nyerere megawati 2,115

Shabani Bajaji: Ninunulie wewe Jose.

Mwalimu Tesha: Jose hajakosea. Treni ya SGR inakwenda Dodoma kwa umeme, dizeli haihusiki. Kuba miaka ya 90, Wasovieti walipoanguka mafuta yakakatika ghafla, wakaagiza baiskeli zaidi ya milioni kutoka China, ng'ombe wakarudi kulima, na mjini Havana mboga zikapandwa kila kiwanja kilichokuwa wazi. Walikonda, sitawadanganya. Lakini waliishi.

Baba Neema: Baiskeli Morogoro Road hii? Na malori haya? Labda ya kwendea makaburini.

Dada Rehema: Baba Neema, wewe kila asubuhi unakwenda Posta peke yako kwenye gari la watu saba.

Baba Neema: Nimelinunua kwa jasho langu.

Dada Rehema: Sijasema umeiba kaka yangu.

Mjumbe: Tusigombane. Mimi napendekeza hivi. Wenye magari wanaokwenda mjini waandike hapa usiku saa ya kutoka na nafasi walizonazo. Abiria achangie wese, si nauli, tusije tukaambiwa tunafanya biashara bila leseni. Siku za kliniki za Rehema, wajawazito kwanza. Mzee Kondo unasemaje?

Mzee Kondo: Nasema pesa itolewe kabla ya kupanda. Mkishafika mjini mtasahauliana.

Shabani Bajaji: Mzee utingo hasa 😂

Mjumbe: Imepita. Nani anaanza kesho?

(Baba Neema amefuta ujumbe huu)

Baba Neema: Haya. Natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nafasi nne. Madumu yameshatoka, Shabani njoo na hela. Ndoo za samaki sibebi.

Mama Zai: Asubuhi ndoo tupu baba, nakwenda kununua. Imeoshwa na sabuni na limao

Baba Neema: Mfuniko upo?

Mama Zai: Upo.

Baba Neema: Basi nafasi tatu.