Naomba ushauri: kiatu cha kazi kwa mwenye kisigino kinachouma

Wakuu, heshima kwenu. Niko Kigoma mjini, nauza dagaa soko la Mwanga, alfajiri nashuka Kibirizi kuchukua mzigo. Kisigino cha kulia kinanitesa. Nikitoka kitandani, hatua ya kwanza ni kama nimekanyaga msumari. Nikitembeatembea kinaachia, jioni kinarudi.

Daktari kasema ni ule utando mnene wa chini ya unyayo, unaotoka kisiginoni kwenda vidoleni. Kanipa mazoezi ya kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu, kanikataza kandambili na soli bapa. (Kupumzika msinishauri, dagaa hawajiuzi.)

Sasa nivae nini? Yeboyebo ndiyo kiatu cha sokoni, maji ya samaki unasuuza unaendelea, lakini ukiikunja inapinda katikati. Daktari anataka kinachopinda kwenye vidole tu, kinachoshika kisigino, na chenye mto pale unyayo unapoinuka. Raba za mtumba zipo nzuri, ila nyingi aliyezivaa kwanza keshazilalia upande, na zikilowa gundi inaachia. Katambuga za tairi zinadumu, sibishi, ila mto hamna kabisa.

Mnaosimama kutwa, hasa mama zangu wa sokoni, mnavaa nini? Kuna fundi Mwanga au Ujiji anayeshona soli kwa uzi badala ya gundi, na kuongeza soli ya ndani? Bajeti haizidi 40,000. Navaa namba 39, nyayo pana, na jioni miguu huvimba kidogo.