Je, mgao wa kobalti utatuletea kiwanda?

Mwanafunzi wa uchumi, Lubumbashi

Wazee wangu, jambo kwenu. Mnamo Februari 2025 serikali yetu ya Kongo (DRC) ilisimamisha uuzaji nje ya nchi wa kobalti, madini yanayotumika katika betri, na tangu Oktoba mwaka huohuo imeweka mgao, yaani kikomo cha kiasi kinachoruhusiwa kuuzwa nje, ambao kwa 2026 na 2027 ni tani 96,600 kila mwaka. Nchi inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia imeonyesha kwamba inaweza kufunga mlango. Hata hivyo, malori yanayoelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, hubeba haidroksidi, yaani kobalti isiyosafishwa kikamilifu, ambayo kwa sehemu kubwa husafishwa China. Je, serikali moja inaweza kulazimisha kiwanda kije hapa, ikiwa ujuzi wa kutengeneza betri uko mikononi mwa makampuni ya mbali?

Mwalimu mstaafu, Likasi

Mwanangu, kusafisha kobalti si kazi ngeni kwetu. Gécamines, kampuni ya madini ya serikali iliyoanzishwa 1967 baada ya kampuni ya Wabelgiji, Union Minière, kutaifishwa, ilikuwa ikitoa kobalti safi Shituru, hapa kwetu, na Luilu kule Kolwezi. Kisha faida ikaliwa bila mitambo kufanyiwa matengenezo, na mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Ujuzi tulikuwa nao. Serikali ndiyo iliyouacha ukafa, na wakati huo hapakuwa na mtu wa kusingizia utandawazi.

Mhandisi wa madini, Kolwezi

Ninamheshimu Mwalimu, lakini betri si kobalti ya zamani ya kuchanganywa na vyuma. Leo magari mengi ya umeme ya China hutumia betri za chuma na fosfeti, zisizo na kobalti hata chembe. Kila tunapopandisha bei kwa kubana mgao, tunampa mtafiti wa huko sababu nyingine ya kutuacha. Mrahaba wa asilimia 10 tuliouweka 2018, yaani malipo ya makampuni kwa serikali kwa kobalti wanayochimba, ulijaza hazina, haukujenga maabara. Na kiwanda kitakachosimama kila umeme unapokatika hakitashindana na mtu.

Mwanafunzi wa uchumi

Asanteni. Mwaka 2022 tulitia saini na Zambia mapatano ya kutengeneza betri pamoja, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kituo cha utafiti wa betri. Kama bei inapanda kwa sababu ya mgao, kwa nini sehemu ya fedha hizo isiende moja kwa moja kwenye kituo hicho na kwenye umeme?

Mwalimu mstaafu, Likasi

Swali hilo, mwanangu, lipeleke Kinshasa; hapa sisi sote tumeshakubaliana nawe.