Kuanza kupunguza wanga: keto kali, ugali mara moja kwa siku, au nusu sahani ya mboga?

MkaziWaTabata
Wakuu, heshima mbele. Nataka kupunguza mwili na nimeamua nianze na wanga. Ninachokwama ni kupanga siku nzima, kuanzia chai hadi chakula cha usiku, bila kuwasha jiko mara mbili. Natoka nyumbani alfajiri, mchana nakula kwa mama ntilie huku Kariakoo, na usiku nina mume na watoto ambao pasipo ugali au wali hawajala. Nimechora njia tatu:

A. Keto kali, wanga gramu 20 hadi 50 kwa siku nzima. Asubuhi mayai na parachichi, mchana samaki na mchicha, usiku nyama na kabichi. Ugali, wali, ndizi, viazi na maharage kwaheri, matunda nayo karibu yote.

B. Wanga mara moja. Mlo mmoja wenye ugali au wali wa kadiri ya ngumi, milo mingine kama A, ila maharage kidogo na kipande cha papai ruksa. Nakadiria gramu 100 hivi.

C. Nusu sahani. Nakula cha nyumbani, nusu ya sahani iwe mboga, robo kitoweo, robo wanga. Hakuna kupima.

Kwa anayeanza, ipi? Na ninyi mnaipangaje siku?

KobeWaMbagala
A, dada, bila kupepesa macho. Uzuri wake hakuna mjadala: wanga haupo mezani, basi. Ukishazoea, njaa ya saa nne inakata yenyewe. Asubuhi pitia supu ya kuku au kongoro, ndimu na pilipili, chapati waachie wenyewe. Mchana mishkaki na kachumbari. Ukibanwa njiani, mayai ya kuchemsha yapo kila kona. Hata kwa muuza chipsi mayai mwambie akukaangie mayai matupu, atakushangaa siku ya kwanza tu.

Ila usidanganywe na "vyakula vya asili". Muhogo, magimbi, kiazi kitamu, ndizi za kupika, vyote wanga. Dona nayo ni ugali. Ina nyuzinyuzi kuliko sembe, lakini kwa gramu 20 za siku haikusaidii kitu.

NesiMstaafu
Kabla hamjamjaza mwenzenu supu, mngemuuliza kwanza. Mwanangu, una kisukari au presha? Unatumia dawa gani? Unanyonyesha, au una ujauzito? Anayechoma insulini au kumeza vidonge vya kisukari kama glibenclamide akikata wanga ghafla sukari inaweza kushuka hadi akazimia. Anayetumia dapagliflozin na wenzake, nazo ni dawa za kisukari, keto inaweza kumletea asidi nyingi kwenye damu hata kama kipimo cha sukari hakijapanda sana. Dawa za presha nazo huenda zikahitaji kupunguzwa. Hao wote waanzie kwa daktari.

Jambo la pili, wiki ya kwanza mizani itakufurahisha mno. Mwili una akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo imeshika maji kama gramu tatu. Akiba ikiisha, maji yanatoka, na chumvi inatoka nayo. Ndiyo sababu ya kichwa kuuma na miguu kulegea. Kunywa maji, na supu iwe na chumvi ya kawaida, labda kama ulishakatazwa chumvi.

MkaziWaTabata
Shikamoo mama. Sina hata kimoja katika hivyo, na mwanangu mdogo kashaacha ziwa. Asante sana.

NesiMstaafu
Marahaba. Basi endelea.

MwanaKisauni
Mie niko Mombasa, na huku vita viko asubuhi: mahamri, mbaazi za nazi, viazi karai. Mimi naunga mkono B, lakini hujasema huo mlo mmoja wa wanga utakuwa upi, na hapo ndipo pana kazi. Wengi huuweka mchana. Mimi ningeuweka usiku.

Angalia mpangilio wako. Mchana unakula kwa mtu anayepakua kila kitu mbalimbali: hapa wali, hapa maharage, hapa samaki, hapa mchicha. Kumwambia "nizidishie mboga, wali usiweke" ni sentensi moja, na hakuna wa kuudhika. Usiku uko na mume na watoto kwenye sinia moja. Ukikaa na kabichi yako pembeni kila siku, mwezi hauishi utakuwa umechoka wewe au wamechoka wao. Kula ngumi yako ya ugali nao, yaishe.

KobeWaMbagala
Ugali wa usiku unalala nao, mkuu.

MwanaKisauni
Na chipsi za saa tano usiku, baada ya kujinyima mezani, mtu halali nazo?

HesabuKwanza
Nilete namba kidogo. Unga wa mahindi gramu 100 una wanga kama gramu 75. Mtu mzima akipikiwa unga gramu 150, amepita 110 kwa sahani moja. Wali uliopikwa, gramu 100 zina wanga kama 28. Yai halifiki hata gramu moja. Kwa hiyo B inatoka vizuri, mradi ngumi iwe ngumi kweli. Kikombe cha maziwa cha ml 250 kina 12, na vijiko vitatu vya sukari kwenye chai ni 12 nyingine. Ukinywa chai ya hivyo mara tatu, umeshakula ngumi yako kabla ya kufika nyumbani. Korosho nazo watu wanazitafuna kama hazina kitu: gramu 100 zina wanga kama 30. Karanga ni karibu nusu ya hapo.

C siipingi, ila robo ya sahani zetu ina tabia ya kupanda juu kama mlima. Anayeichagua abadilishe sahani kwanza.

Kuhusu ipi inapunguza zaidi: Chuo Kikuu cha Stanford kilichapisha utafiti wake mwaka 2018, watu 609, miezi 12. Waliopunguza mafuta kwenye chakula walipungua wastani wa kilo 5.3, waliopunguza wanga kilo 6.0, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Makundi yote mawili yaliambiwa yaache sukari na unga uliokobolewa, yale mboga kwa wingi. Ndiyo maana namuunga mkono MwanaKisauni: chagua ile ambayo nyumba yako itaistahimili mwaka mzima.

DerevaWaUsiku
Na bia?

HesabuKwanza
Nusu lita, wanga gramu 15 hadi 20. Hesabu mwenyewe ni ngapi.

MamaUbuyu
Mnamtajia mishkaki kila siku kama vile pesa inaokotwa. Dagaa, mayai, maini, utumbo: hivyo ndivyo vinavyokufikisha mwisho wa mwezi. Jumapili chambua dagaa, wakaushe vizuri na kitunguu na nyanya, weka kwenye chombo cha kufunika. Chemsha mayai ya siku mbili tatu. Hapo asubuhi hushiki sufuria.

Usiku pika mchuzi mmoja wa wote, usiutie viazi wala kuuzitisha kwa unga. Wao waulie ugali. Wewe ongeza kabichi iliyokatwa nyembamba, kaanga dakika chache tu isilegee, inabeba mchuzi vizuri sana. Bamia na biringanya pia. Koliflawa mimi siitafuti, bei yake na kabichi haziko mtaa mmoja.

MkaziWaTabata
Nimewasikia. Naanza na B, ngumi iwe usiku. Asubuhi mayai mawili, nusu parachichi, chai ya rangi bila sukari (hapa ndipo nitakapolia). Mchana samaki au dagaa, mchicha mara mbili, upawa mdogo wa maharage. Usiku mchuzi, kabichi, ngumi. Kobe, nikikwama mwezi wa kwanza nitajaribu yako.

Swali la mwisho: Jumamosi mchana kuna pilau ya ubatizo kwa shemeji. Nifanyeje?

MwanaKisauni
Kula pilau, hiyo ndiyo ngumi ya siku, usiku mchuzi na kabichi. Soda waachie watoto. Chupa ya ml 350 ina sukari zaidi ya gramu 35.

KobeWaMbagala
Au chagua nyama tu, mchele warudishie.

MamaUbuyu
Kobe, wewe hujawahi kuwa na mashemeji.