Sifa za kwotabeki weusi na weupe katika utangazaji wa Marekani

Swali: Wakuu, kwa nini watangazaji wa futiboli ya Kimarekani wamezoea kumsifu kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira) mweupe kwa akili na uongozi, ilhali mweusi husifiwa kwa mbio na kipaji cha kuzaliwa?

Jibu la 1: Ni mabaki ya dhana kwamba mweusi hawezi kusoma mchezo. Kwotabeki mweusi Warren Moon hakuchaguliwa na timu yoyote ya NFL, ligi kuu ya Marekani, mwaka 1978, akaenda Kanada, alikotwaa ubingwa mara tano mfululizo.

Jibu la 2: Wala si historia tu, mkuu. Mwaka 2018 wapo waliotaka Lamar Jackson, kwotabeki mweusi, ageuzwe mpokeaji, yaani mchezaji wa kukimbia na kudaka mpira. Msimu wa 2019 akawa mchezaji bora wa ligi kwa kura zote.

Jibu la 3: Sifa hiyo ya kipaji cha kuzaliwa husikika kama pongezi, kumbe inafuta saa alizotumia mchezaji mweusi kuchambua video za wapinzani.